Tovuti Yako Inafunguka kwa Sekunde Ngapi? Mwongozo wa Kupima Kasi Inavyomfikia Msomaji

Mwulize mwenye tovuti kama tovuti yake ina kasi, atakujibu kwa kuifungua mbele yako. Ataifungua kwenye kompyuta ya ofisini, kwa mtandao wa waya, katika kivinjari ambacho kimekwisha kuifungua mara nyingi na kujiwekea picha zake zote. Itafunguka kufumba na kufumbua, naye atakuambia kwa moyo mweupe kwamba tovuti yake ni nyepesi.

Wakati huohuo mteja aliyeko Sumbawanga, mwenye simu ya bei ya chini na bando la siku linaloelekea ukingoni, anatazama skrini nyeupe. Anasubiri, anachoka, anarudi nyuma na kubofya tovuti nyingine. Mwenye tovuti hatapata habari zake, kwa kuwa mteja anayeondoka kabla ukurasa haujafunguka haachi malalamiko wala namba ya simu.

Mwongozo huu unakusaidia kuiona tovuti yako kama anavyoiona mteja huyo. Si lazima uwe fundi wa kompyuta. Ukijua kusoma saa na kugawanya namba, utaelewa vipimo vyote vinavyotumika leo na utaweza kuzungumza na fundi wako mkielewana.

Jua kwanza muda unapotelea wapi

Tangu msomaji anapobofya kiungo hadi anaposoma neno la kwanza, kazi kadhaa hufanyika kwa zamu. Kivinjari huanza kwa kuulizia anwani, yaani jina la tovuti hutafutiwa namba ya seva inakokaa. Kisha simu na seva hufungua mawasiliano, hukubaliana namna ya kuyafunga yasisomwe na wengine, ndipo simu inapotuma ombi la ukurasa. Seva hupokea ombi, huandaa ukurasa na kuanza kuutuma. Muda huo wote skrini bado ni nyeupe.

Tufuatilie mbofyo mmoja. Msomaji yuko Dodoma, seva iko London, na tuseme ujumbe kwenda na kurudi unachukua milisekunde 180. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Swali la anwani kwa kawaida hujibiwa na mtambo wa karibu, tulihesabie 30. Kufungua mawasiliano ni safari moja: 180. Kukubaliana juu ya usiri kwa utaratibu wa TLS 1.3, uliochapishwa 2018, ni safari nyingine: 180. Ombi lenyewe na mwanzo wa jibu: 180. Seva ikitumia 300 kuandaa ukurasa, jumla ni milisekunde 870. Sekunde moja inakaribia kuisha na msomaji hajaona hata herufi moja.

Safari hizo hazifutiki kwa kununua bando kubwa zaidi. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na nyaya za baharini hazinyooki kama rula kwenye ramani. Kabla ya SEACOM, mkongo wa kwanza wa aina yake kuanza kuhudumia pwani yetu mnamo Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia satelaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000. Swali na jibu vikipita huko, karibu nusu sekunde huliwa na umbali peke yake. Mkongo umepunguza umbali huo ila haujauondoa. Ndiyo maana mahali seva ilipo, au mahali nakala za tovuti zinapowekwa, ni sehemu ya kasi.

Baada ya safari huja uzito. Ukurasa unapoanza kufika huwa na orodha ya vitu vingine vinavyohitajika: mitindo, fonti, picha, na programu ndogondogo za JavaScript. Hapa lazima utofautishe biti na baiti. Kampuni za simu hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Chukua picha ya bidhaa iliyopigwa kwa simu na kuwekwa kwenye tovuti bila kupunguzwa, yenye megabaiti 3.2. Zidisha kwa 8, unapata megabiti 25.6. Kwa mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, picha hiyo moja inahitaji sekunde 16. Ipunguze ifikie kilobaiti 160, na kwa skrini ya simu inawezekana bila msomaji kuona tofauti, itashuka kwa sekunde 0.8. Simu haijabadilika, mtandao haujabadilika, kilichobadilika ni kazi ya dakika chache ya mwenye tovuti.

Namba tano za kuzifahamu

Zamani kasi ilihesabiwa kwa tukio moja: kivinjari kimemaliza kupakua kila kitu. Kipimo hicho kilikuwa rahisi lakini hakikumtazama msomaji. Ukurasa unaweza kuwa unasomeka vizuri huku picha ya mwisho kabisa chini ikiendelea kushuka, na unaweza kuhesabiwa umemaliza huku skrini ikiwa bado tupu kwa kuwa JavaScript haijafanya kazi yake. Ndipo vikaja vipimo vinavyofuata macho na vidole vya mtumiaji. Mwaka 2020 Google ilitangaza vitatu kati yake kuwa vipimo vikuu vya tovuti, na tangu 2021 huvitumia miongoni mwa mambo mengi inapopanga matokeo ya utafutaji. Kwenye skrini ya kifaa chochote cha kupimia utakutana na herufi zifuatazo.

TTFB ni muda wa baiti ya kwanza. Hupima safari zote tulizohesabu hapo juu hadi seva inapoanza kujibu. Ikiwa chini ya sekunde 0.8, ni nzuri. Ikizidi 1.8, ni mbaya. Mbofyo wetu wa Dodoma, wenye 0.87, umeanguka kidogo nje ya kiwango kizuri.

FCP ni muda wa kitu cha kwanza kuonekana, hata kama ni neno moja au nembo. Msomaji anapata uhakika kwamba kuna kinachoendelea. Kiwango kizuri ni sekunde 1.8 au chini yake, na ikizidi 3 ni mbaya.

LCP ni muda hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane, kwa kawaida picha kuu au aya ya kichwa cha habari. Hiki ndicho kipimo kinachokaribia zaidi jibu la swali letu, kwa sababu kitu kikubwa ndicho mara nyingi kilichomleta msomaji. Kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au chini, na ikizidi 4 ni mbaya.

INP hupima wepesi wa kuitika. Msomaji anapogusa kitufe, inapita milisekunde ngapi kabla ya kuona badiliko lolote kwenye skrini? Hapa ziara yote huangaliwa, na karibu mguso uliochelewa kuliko yote ndio unaohesabiwa. Milisekunde 200 au chini ni nzuri, zikizidi 500 ni mbaya. Kipimo hiki kiliingia rasmi kwenye vile vitatu vikuu mnamo Machi 2024, mahali pa kingine kilichoitwa FID ambacho kilitazama mguso wa kwanza pekee. Ukikuta mwongozo unaoendelea kuhimiza FID, ujue umepitwa na wakati.

CLS hupima utulivu wa ukurasa, nayo haihesabiwi kwa sekunde. Umeshakutana na ukurasa ambao, ukiwa unataka kugusa maneno ya kuendelea kusoma, tangazo linajitokeza juu, kila kitu kinashuka, na kidole chako kinaangukia tangazo. Kivinjari hupima kiasi cha skrini kilichoguswa na mtikisiko huo, kisha hukizidisha kwa umbali ambao vitu vimehama. Habari iliyojaza asilimia 60 ya skrini ikisukumwa chini kwa asilimia 20, eneo lililoguswa ni 0.8 na umbali ni 0.2, hivyo alama ni 0.16. Kiwango kizuri ni 0.1 au chini, na ikizidi 0.25 ni mbaya. Mtikisiko mmoja wa tangazo umetosha kukuondoa kwenye kiwango kizuri.

LCP, INP na CLS ndizo tatu kuu. TTFB na FCP hukusaidia kujua kwa nini LCP imechelewa.

Tofautisha kipimo cha maabara na kipimo cha watumiaji

Namba hizo zinapatikana kwa njia mbili, na kuchanganya njia hizo kumewapotosha wengi.

Kipimo cha maabara ni jaribio unaloliamuru mwenyewe. Programu hufungua ukurasa wako mara moja, katika hali iliyopangwa, kisha inatoa taarifa. Lighthouse, programu ya bure ya Google iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome, inapopima kwa hali ya simu hujifanya simu ya kiwango cha kati: hupunguza nguvu ya kompyuta yako mara nne, huweka mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, na kila safari ya kwenda na kurudi huipa milisekunde 150. Faida yake ni kwamba hali haibadilikibadiliki, hivyo unaweza kulinganisha jana na leo na kuona kama marekebisho yamesaidia.

Upungufu wake ni kwamba hakuna mtu. Hakuna anayegusa kitufe, kwa hiyo maabara haiwezi kupata INP. Badala yake Lighthouse hutumia TBT, ambayo hujumlisha muda ambao kivinjari kilikuwa kimeshikwa na kazi ndefu kiasi kwamba mguso wowote ungesubiri. Kila kazi iliyozidi milisekunde 50, kile kilichozidi ndicho kinachohesabiwa.

Kipimo cha watumiaji hukusanywa kutoka kwa wasomaji wenyewe, kwenye simu zao na mitandao yao. Hazina kubwa iliyo wazi ni ile ya Google iitwayo CrUX, iliyoanza 2017. Hupokea takwimu kutoka kwa watumiaji wa Chrome walioruhusu kutuma taarifa, na huonyesha mkusanyiko wa siku 28 zilizopita. Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza, ukirekebisha tovuti leo, kipimo hiki hakitakuonyesha badiliko lote hadi karibu wiki nne zipite, kwa kuwa siku za zamani bado zimo ndani. La pili, watumiaji wa iPhone hawamo kwenye hesabu hiyo, na tovuti yenye wageni wachache inaweza isiwe na takwimu kabisa.

Basi zitumie zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Takwimu za watumiaji ndizo zinazoamua kama kuna tatizo. Maabara ndiyo inayoonyesha tatizo liko wapi.

Usiamini wastani

Tuseme watu wanane wamefungua ukurasa wako, na LCP zao ni sekunde 1.2, 1.3, 1.4, 1.5, 1.6, 3.6, 3.8 na 4.0. Zijumlishe, unapata 18.4. Gawanya kwa 8, wastani ni 2.3, chini ya kiwango cha 2.5. Ungeweza kushangilia. Lakini tazama orodha tena: hakuna mtu hata mmoja aliyesubiri sekunde 2.3. Watano walihudumiwa haraka na watatu walisubiri sana, na wastani umewaficha hao watatu.

Kwa sababu hiyo vipimo vikuu havitumii wastani. Wasomaji hupangwa kuanzia mwenye kasi zaidi hadi mwenye kuchelewa zaidi, kisha huangaliwa yule aliye kwenye asilimia 75. Katika orodha yetu ni mtu wa 6, mwenye sekunde 3.6. Ukurasa ulioonekana mzuri kwa wastani sasa unahesabiwa kuwa unahitaji marekebisho. Kanuni hiyo inasema kwamba tovuti ni nzuri pale angalau robo tatu ya ziara zinapopata huduma nzuri, na simu huhesabiwa mbali na kompyuta. Soma safu ya simu kwanza. Kwa tovuti nyingi za kwetu, huko ndiko wasomaji waliko.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri jinsi wastani unavyoweza kukugeuzia maana. Chris Zacharias, mhandisi aliyefanya kazi YouTube, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyochukua ukurasa wa kutazama video uliokuwa na uzito wa megabaiti 1.2 akauandika upya hadi ukashuka chini ya kilobaiti 100. Ulipoanza kutumiwa na sehemu ya watu, wastani wa muda wa kufunguka ukapanda badala ya kushuka. Ilikuwa kama kazi yote imepotea. Takwimu zilipogawanywa kwa maeneo, ukweli ukajitokeza: wageni walikuwa wameongezeka sana kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia, Amerika Kusini, Afrika na Siberia. Huko ukurasa mpya ulichukua wastani wa zaidi ya dakika mbili, lakini ule wa zamani ungechukua zaidi ya dakika ishirini, kwa hiyo watu hawakuwa wakiusubiri kabisa. Wepesi ule uliwafungulia mlango watu ambao hapo kabla hawakuwemo hata kwenye hesabu.

Kila unaposoma takwimu za tovuti yako, jiulize ni nani hayumo. Wale walioshindwa kufungua kabisa hawaachi namba.

Sasa pima, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Chagua kurasa tatu. Usipime ukurasa wa mwanzo peke yake. Chukua ukurasa ambao watu wengi huingilia, mathalani habari au bidhaa inayosambazwa WhatsApp, kisha ukurasa ambapo kazi yenyewe hufanyika, kama kulipa au kujaza fomu, na wa tatu uwe huo wa mwanzo.

Hatua ya 2. Anza na simu yenyewe. Azima au tafuta simu ya bei ya chini iliyotumika mwaka mmoja au miwili, ya aina wanayotumia wateja wako. Zima Wi-Fi, tumia data ya kawaida. Fungua dirisha la faragha ili kivinjari kisitumie picha kilizojiwekea zamani. Bofya kiungo huku umeshika saa ya kuhesabia, na uandike nyakati mbili: kitu cha kwanza kilipoonekana, na ulipoweza kusoma au kugusa ulichokijia. Ni kipimo kisicho na ustadi mwingi, lakini kinakupa hisia ambayo taarifa za kompyuta hazikupi. Mkabidhi simu hiyo mwenye kampuni pia, asubiri kwa mikono yake.

Hatua ya 3. Fungua PageSpeed Insights. Ni huduma ya bure ya Google kwenye anwani pagespeed.web.dev. Bandika kiungo cha ukurasa wako. Sehemu ya juu huonyesha takwimu za watumiaji halisi za siku 28, iwapo zipo. Sehemu ya chini ni jaribio la maabara la Lighthouse lenye alama kati ya 0 na 100. Watu wengi huruka moja kwa moja kwenye alama hiyo kubwa ya rangi. Wewe anzia juu.

Hatua ya 4. Rudia jaribio la maabara mara tano. Majibu hutofautiana kila mara, kwa kuwa seva na mtandao havitulii. Panga majibu matano kwa mfuatano na uchukue la katikati. Ukipima kwa Lighthouse iliyo kwenye kompyuta yako, tumia dirisha la faragha, maana viongezi ulivyoweka kwenye kivinjari vinaweza kuharibu matokeo.

Hatua ya 5. Tazama msururu wa faili. Kwenye kompyuta fungua Chrome, bonyeza F12, chagua sehemu iitwayo Network, weka alama ya kuzuia akiba, yaani faili ambazo kivinjari kimekwisha kujiwekea, punguza kasi ya mtandao kwa chaguo lililopo hapo, kisha fungua ukurasa upya. Utaona kila faili kwenye mstari wake, uzito wake, na lini ilianza na kuisha. Bofya safu ya uzito ili faili kubwa zije juu. Mara nyingi mistari mitano ya kwanza inatosha kueleza tatizo lote. Chini kabisa soma jumla ya uzito, uiandike.

Hatua ya 6. Pima kutoka mahali pengine. WebPageTest, iliyoanzishwa na Patrick Meenan akiwa AOL na kufunguliwa kwa umma 2008, hukuruhusu kuchagua mji wa kupimia na huonyesha picha za skrini jinsi ukurasa unavyojijenga hatua kwa hatua. Kama tovuti yako inahudumia ndugu walioko Muscat, Toronto na Mwanza, kipimo cha mji mmoja hakitoshi.

Hatua ya 7. Weka daftari. Andika tarehe, ukurasa, TTFB, LCP, CLS, uzito, na mahali ulipopimia. Rudia kila mwezi na kila baada ya badiliko kubwa. Kuna siku namba zitaharibika bila kosa lako. Mnamo Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikazorota vibaya. Aliyepima siku hiyo peke yake angeweza kuilaumu tovuti isiyo na hatia. Mwenye daftari angejua.

Kusoma majibu na kuamua la kufanya

Namba zikishapatikana, zifuate kwa mpangilio, kuanzia mwanzo wa safari.

TTFB ikiwa kubwa, tatizo liko kabla ya ukurasa kuanza kufika. Ama seva iko mbali, ama inachukua muda kuandaa ukurasa. Ukipima kutoka mji ulio karibu na seva na TTFB ikabaki kubwa, seva yenyewe ndiyo nzito: omba kampuni inayoihifadhi tovuti ieleze, na mwambie fundi ahifadhi kurasa zilizokwisha kuandaliwa zisitengenezwe upya kwa kila mgeni. Ikishuka karibu na seva na kupanda ukiwa mbali, tumia mtandao wa kusambaza nakala, ambao huweka nakala za tovuti yako karibu na wasomaji. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

TTFB ikiwa nzuri lakini FCP imechelewa, kuna faili za mitindo, fonti au JavaScript zinazomzuia msomaji kuona chochote mpaka zimalizike. Mwambie fundi abakize mwanzoni zile zinazohitajika tu, nyingine zisubiri.

FCP ikiwa nzuri na LCP mbaya, mtuhumiwa wa kwanza ni picha kuu. Ipunguze ukubwa ulingane na nafasi yake kwenye skrini, uihifadhi kwa muundo wa WebP au AVIF, na ushughulikie kosa moja linalotokea mara kwa mara: kuipa picha kuu agizo la kusubiri hadi msomaji ashuke chini. Agizo hilo ni zuri kwa picha za chini. Kwa picha ya juu kabisa linachelewesha kile hasa msomaji anachokisubiri.

CLS ikiwa mbaya, tafuta picha, matangazo na video ambazo hazijatengewa nafasi. Zitajiwe upana na urefu mapema ili kivinjari kiziachie mahali pake kabla hazijafika.

INP ikiwa mbaya, JavaScript ni nyingi mno kwa nguvu ya simu. Hesabu vikorokoro vilivyoongezwa miaka yote: vihesabu wageni vitatu, kisanduku cha maongezi kisichojibiwa na mtu, vitufe vya kusambaza ambavyo hakuna anayevigusa. Ondoa kisicho na kazi, kisha pima upya.

Rekebisha jambo moja kwa wakati, upime, ndipo uende la pili. Ukibadilisha mambo matano kwa siku moja hutajua lipi limesaidia.

Mitego ya kuepuka

Usifukuze alama ya 100. Katika Lighthouse, alama ni mchanganyiko wa vipimo vitano, na TBT peke yake inabeba asilimia 30, LCP na CLS asilimia 25 kila moja. Ukurasa wa alama 85 ambao robo tatu ya wasomaji wake wanapata LCP ya sekunde 2 ni bora kuliko wa 98 ambao kwenye maabara unang'aa na mtaani unasuasua.

Usipime ukiwa umeingia kama msimamizi. Tovuti nyingi humpa msimamizi ukurasa tofauti na ule wa mgeni, wenye faili za ziada na usiotumia nakala zilizohifadhiwa.

Usimwamini anayekuuzia tovuti kwa kukuonyesha picha ya alama nzuri. Mwombe kiungo, upime mwenyewe, kwenye simu, kwa data.

Na usisahau uzito. Sekunde hubadilika kwa mahali na saa, lakini megabaiti ni zilezile Kigoma na London, na msomaji wako huzilipia. Ukurasa wa megabaiti 5 ukifunguliwa mara 100 umemaliza bando la megabaiti 500. Gharama hiyo haionekani kwenye alama yoyote ya rangi ya kijani, ila mwenye bando anaijua vizuri. Jiwekee kikomo cha uzito kwa kila ukurasa na uwaambie wote wanaoweka picha kwamba kikomo hicho hakivukwi.

Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Vipimo vyote vilivyotajwa hapa vinaweza kuanza bila kulipia, na marekebisho ya kwanza, ya kupunguza picha na kuondoa visivyotumika, hayahitaji seva mpya. Kinachohitajika ni uamuzi wa kumhesabu msomaji wa mwisho kwenye foleni kuwa msomaji wako halali sawa na aliye ofisini. Leo kabla hujalala, zima Wi-Fi, fungua tovuti yako kwenye simu ya bei ya chini, uandike namba ya kwanza kwenye daftari.